Nuru Iliyoinama: Istilahi za Sumaku na Nuru, na Neno Moja Tulilolikosea



Nimealikwa kuzungumza juu ya uundaji wa istilahi za Kiswahili, na yumkini baadhi yenu mmekuja mkitarajia nianze na vigezo vyake: ufupi, uwazi, upatanifu na sarufi ya lugha, na vinginevyo ambavyo kila mwanafunzi wa isimu huvikariri usiku wa kuamkia mtihani. Vigezo hivyo nimevifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini na sina ugomvi navyo. Hata hivyo, leo naomba ruhusa yenu nivipe likizo. Nitachukua uwanja mmoja mdogo wa fizikia, ule unaohusu maada zinazotuwezesha kuitumia sumaku kuiongoza nuru, na kuitumia nuru kuipima sumaku, kisha nitayatazama kwa karibu maneno machache ya uwanja huo. Mojawapo ya maneno hayo nililipitisha mimi mwenyewe nikiwa na wenzangu, na lilikuwa neno baya.

Miaka michache iliyopita alinijia ofisini binti mmoja aliyekuwa akiandika tasnifu ya uzamivu katika fizikia. Alikuwa na ukurasa mmoja wa ikisiri aliouandika kwa Kiswahili, kwa hiari yake, kwa kuwa alitaka usomwe na mafundi wa umeme ambao wangemsaidia kukijaribu kifaa chake. Baada ya shikamoo na marahaba aliniomba niupitie. Nilipofika sentensi ya tatu nikakwama. Ilisema hivi: "Mzunguko wa mwanga katika mzunguko wa uzi hutegemea idadi ya mizunguko ya uzi kuzunguka waya wa mzunguko wa umeme."

Nilimwambia, kwa ukali ambao sasa naujutia, kwamba mtu aliyefikia ngazi ya uzamivu hapaswi kuandika hivi. Akanijibu kwa upole: "Samahani, Profesa. Maneno haya sikuyatunga mimi. Nimeyatoa katika orodha yenu."

Alisema kweli. Kikao chenyewe nilikikumbuka. Dhana iliyokuwa mezani ilikuwa kugeuka kwa bapa la nuru ndani ya uga wa sumaku. Ilikuwa inakaribia saa saba mchana na harufu ya pilau ilikwisha kuingia ukumbini. Mtu mmoja akasema "mzunguko", hapakuwa na aliyepinga, tukasonga mbele. Mwanafizikia aliyealikwa alikuwa ameomba udhuru siku hiyo, na hatukuona sababu ya kumngoja.

Binti yule aliniambia jambo jingine ambalo sijalisahau. Aliwahi kufundisha kwa muda katika chuo cha ufundi. Aliwataka wanafunzi wachore kinachotokea nuru inapopita karibu na sumaku yenye nguvu, na kijana mmoja akachora mshale unaoizunguka sumaku kama mwezi unavyoizunguka dunia. Kijana akapata sifuri. Nilipoutafakari mchoro ule niliona kwamba kijana alikuwa amesoma Kiswahili sawasawa. Tuliostahili sifuri ile ni sisi wa kikaoni.

Basi kinachotokea hasa ni nini? Nitaeleza kama nilivyoelezwa mimi. Chukua kamba, funga ncha moja kwenye mwembe, shika ncha ya pili uitikise juu na chini. Litapita wimbi lililosimama wima. Ukiitikisa kushoto na kulia, litapita wimbi lililolala. Sasa ipitishe kamba hiyo katikati ya ua wa fito zilizosimama. Wimbi la wima litapenya; lililolala litagonga fito na kufa. Nuru ya jua, au ya taa ya kawaida, ni mchafuko wa mawimbi yanayotikisika kila upande, lakini vipo vichujio vinavyofanya kazi ya ua ule, vikabakiza nuru inayotikisika katika bapa moja tu. Neno bapa tunalijua tangu utotoni kwa kisu na panga, na hapa linafaa bila kulazimishwa: nuru iliyochujwa hivyo ni kama upanga mwembamba unaosafiri, na upanga huwa na mkao wake.

Tarehe 13 Septemba 1845, katika Royal Institution jijini London, Michael Faraday alichukua kipande cha kioo kizito chenye madini ya risasi, akakiweka kwenye sumaku ya umeme, akapitisha ndani yake nuru ya bapa moja kuufuata mwelekeo wa uga wa sumaku. Upande wa pili aliweka kichujio kilichokingama, hata jicho likaona giza. Alipowasha umeme, nuru ikaonekana. Alipoukata, ikatoweka. Bapa lilikuwa limegeuka ndani ya kioo. Pembe ya kugeuka hukua kadiri sumaku inavyokuwa na nguvu na kadiri njia ya nuru ndani ya kioo inavyokuwa ndefu. Na kiasi kinachoitofautisha maada moja na nyingine huitwa kwa jina la Mfaransa Émile Verdet, aliyevipima vitu hivyo kwa makini katika miaka ya 1850.

Tazameni sasa kosa letu. Nuru haikukizunguka kitu chochote. Ilikwenda moja kwa moja kama ilivyokuja. Kilichobadilika ni mkao wake. Ilhali kitenzi zunguka katika Kiswahili hudai kitovu au njia: mtu huzunguka nyumba, mwezi huzunguka dunia, mgeni huzunguka mji, na mzururaji huzunguka tu. Juu ya hayo, neno lenyewe lilikwisha kuelemewa na kazi. Mzunguko ni njia ya umeme kutoka kwenye betri na kurudi. Mzunguko ni duru moja ya uzi. Mzunguko ni wa damu, wa fedha, wa hedhi. Na katika kifaa cha binti yule, uzi wa kioo unaopitisha nuru huzungushwa kweli kuuzingira waya wa umeme, mara nyingi, ili kuupima mkondo bila kuugusa. Kwa hiyo neno letu halikuwa gumu tu kueleweka, bali lilikuwa tayari kumpa fundi maana nyingine iliyo sahihi kabisa mahali palepale.

Nilijaribu kulisahihisha peke yangu, kwa kiburi cha mtu anayeamini kwamba msamiati ni shamba lake. Nikapata "msokoto". Nililifurahia. Bapa la nuru hugeuka kidogo kidogo kadiri linavyosonga mbele ndani ya kioo, kama nyuzi katika kamba iliyosokotwa. Nilijua kwamba msokoto ni wa tumbo pia, na kwamba vijana wetu wanao msokoto mwingine ambao polisi wanaufahamu zaidi, lakini istilahi nyingi huanza maisha yake zikiwa na jamaa wasiofaa. Nikampelekea neno langu. Akalitazama kidogo, akasema: "Profesa, msokoto ni wa sukari."

Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko katika vikao vyote nilivyohudhuria. Maji ya sukari nayo huligeuza bapa la nuru, bila sumaku yoyote, na viwanda vya sukari hutumia tabia hiyo kupima kiasi cha sukari. Tofauti iko katika safari ya kurudi. Chukua kamba iliyosokotwa, itazame kutoka ncha hii, kisha hamia ncha ile uitazame tena: msokoto utauona umeelekea upande uleule. Kwa hiyo nuru iliyopita katika maji ya sukari, ikigonga kioo na kurudi njia ileile, hujisokotoa, inatoka ilivyoingia. Ndani ya uga wa sumaku mambo hayako hivyo. Upande wa kugeukia huamuliwa na sumaku, wala si mwendo wa nuru. Nuru ikirudi, haifungui ilichofungwa. Sumaku inaendelea kuigeuza upande uleule, na pembe inakuwa maradufu.

Tofauti hiyo ya maneno mawili ni tofauti ya vifaa viwili. Leza haipendi nuru yake kurudishwa ndani. Ikirudishwa huyumba, na ikiwa na nguvu sana huweza kuharibika. Kwa hiyo mbele yake huwekwa fuwele ndani ya sumaku, kati ya vichujio viwili. Fuwele inayotumika sana ni ganeti ya tebiamu na galiamu. Kwa nuru nyekundu ya nanomita 633, kiasi chake cha Verdet ni karibu radiani 134 kwa tesla moja kwa mita moja, yaani ndani ya uga wa tesla 1 inatosha fuwele isiyofika milimita 6 ili bapa ligeuke nyuzi 45. Nuru huingia wima. Hutoka imeinama nyuzi 45 na kukikuta kichujio cha pili kimeinamishwa vivyo hivyo, ikapita. Ikigonga kitu huko mbele na kurudi, sumaku huiongezea nyuzi 45 nyingine, na inapofika kwenye kichujio cha kwanza imekwisha kulala. Kichujio hicho hupitisha zilizosimama tu. Ni mlango wa kutokea usio na ruhusa ya kuingilia. Fuwele ya sumaku ikibadilishwa kwa maji ya sukari, mlango huo hauko tena.

Alipokuwa akinieleza hayo, binti yule alitumia maneno matatu bila kuyafikiria: wima, imeinama, imelala. Nilimsimamisha. Nikamwambia istilahi anayo mwenyewe, ameisema sasa hivi.

Kitenzi inama ni cha mkao, wala hakidai kitovu. Mnazi huinama, mlingoti huinama, ukuta huinama kabla ya kuanguka, na vyote hubaki mahali pake au huendelea na safari yake. Lakini mnazi huinama wenyewe, na nuru haiinami yenyewe. Sarufi yetu ina dawa ya jambo hilo, nayo ni kauli ya kutendesha: sumaku huiinamisha nuru. Kutokana na kitenzi hicho tukapata nomino mbili badala ya moja. Mwinamisho ni tendo la sumaku, na mwinamo ni pembe unayoipima baadaye. Sentensi iliyokuwa na mizunguko mitano ikawa hivi: "Mwinamo wa nuru hutegemea mkondo wa umeme na idadi ya duru za uzi kuuzunguka waya." Kitenzi zunguka kimo bado, mara moja, mahali ambapo kitu kinazunguka kweli.

Mwanafizikia mwingine, mtu mzima wa rika langu, alilipinga neno hili, na hoja yake si ndogo. Nuru ikipewa njia ndefu ya kutosha, bapa huweza kupita nyuzi 90, hata likafanya duara zima na kuendelea. "Kitu kilichoinama nyuzi 400," aliniuliza, "si kimekwisha kuanguka zamani?" Nakubali kwamba hapo taswira inachoka. Lakini joto hupanda na kushuka katika lugha yetu ingawa halina miguu, na hakuna aliyewahi kuitafuta ngazi yake. Taswira ya istilahi humfikisha msomaji mlangoni. Ndani anaongozwa na hesabu.

Wapo watakaouliza kwa nini tusichukue tu neno la kigeni, tulivalishe irabu mwishoni, tukalale. Mimi si adui wa maneno ya mkopo. Leza na tesla nimekwisha kuyatumia hapa bila kuomba radhi. Mkopo ni mwema pale jina linapotaja kitu. Linapotaja tendo, na hasa tendo linaloweza kueleweka kinyume, mkopo humsaidia yule tu aliyekwisha kulijua Kiingereza, ambaye hakuhitaji msaada. Wengi wa wanafunzi wa Tanzania huingia sekondari wakiwa wamesoma sayansi kwa Kiswahili na kuikuta kwa Kiingereza, na wengi wa mafundi wetu hawakupata hata nafasi ya kuikuta huko.

Wala tusidhani kwamba shida hii ni ya lugha changa kisayansi. Faraday alikuwa mwana wa mhunzi, alijifunza kazi ya kujalidi vitabu, na Kigiriki hakukijua. Alipohitaji majina ya mambo mapya aliyoyaona katika umeme na kemia, alimwandikia William Whewell wa Cambridge, mtu wa falsafa na lugha, na kutokana na barua zao za mwaka 1834 dunia ikapata anodi, kathodi na ioni. Mnajua walivyoyapata? Faraday alimtaka mwenzake aifikirie dunia kama sumaku inayozungukwa na mkondo wa umeme uendao kama jua, kutoka mashariki kwenda magharibi. Hivyo anodi ni njia ya kupanda, na kathodi ni njia ya kushuka. Ninaamini Mswahili angeridhika na mawio na machweo, lakini kwa hilo tumechelewa. Ninachotaka mkione ni namna kazi ilivyogawanywa. Mwenye jambo alieleza jambo, mwenye lugha akapendekeza, mwenye jambo akakataa au akakubali, barua zikaenda na kurudi. Hawakupiga kura.

Na hata Faraday, peke yake, aliteleza. Makala yake juu ya ugunduzi wa 1845 ilitoka katika mwaka uliofuata ikiwa na kichwa kilichozungumzia kutiwa sumaku kwa nuru na kuangazwa kwa mistari ya nguvu za sumaku. Wasomaji wakadhani amesema kwamba mistari ya sumaku inawaka. Ikambidi aongeze maelezo chini ya ukurasa, akisema kwamba alimaanisha nuru imeidhihirisha mistari hiyo, kama utando wa buibui ndani ya darubini ya mwanafalaki unavyoonekana kwa taa. Nilipoyasoma maelezo hayo, moyo wangu ulitulia kidogo.

Sasa nije kwenye maada zenyewe, maana tasnifu ya binti yule haikuhusu fuwele. Fuwele ni ghali, ni ngumu kuikuza, na haipindiki. Kioo cha kawaida cha silika, ambacho nyuzi za mawasiliano hutengenezwa nacho, hupindika vizuri, lakini kiasi chake cha Verdet kwa nuru ileile nyekundu hakifiki hata 5. Ndiyo maana watafiti wamegeukia plastiki zinazobeba chembe ndogo mno za sumaku, na polima ambazo zenyewe zina tabia hiyo. Hapa istilahi zinazohitajika ni nyingi kwa mkupuo, na mitego ni mingi.

Mtego wa kwanza nusura uninase. Maada hizi huitwa kwa neno la Kiingereza lile lile ambalo kwa wakulima tumelitafsiri "hai", katika kilimo hai. Mfasiri mwenye haraka angeandika "maada hai", na msomaji angetazamia plastiki inayopumua. Katika kemia neno hilo lina maana ya kujengwa kwa minyororo ya kaboni, basi; kwa hiyo nimeandika maada za kikaboni. Mojawapo ni polithiofini, polima ya kaboni na salfa, ambayo filamu zake nyembamba zimeonyesha mwinamisho mkubwa kuliko ulivyotarajiwa kwa maada isiyo na chuma, hasa pale viungo vya mnyororo vinapopangika kwa utaratibu mmoja. Kwa nini hasa, wenyewe wangali wanabishana.

Mtego wa pili ni neno "mchanganyiko". Maziwa na chai ni mchanganyiko. Ukishachanganya huwezi kuonyesha maziwa yako wapi. Lakini plastiki angavu iliyobeba chembe za magnetaiti, ambayo ni oksidi nyeusi ya chuma, haiko hivyo. Chembe hubaki chembe, plastiki hubaki plastiki, kila moja hufanya kazi ambayo nyingine haiwezi. Lugha inalo neno la hali hiyo, nalo limetoka jikoni: mseto. Katika mseto wa mchele na choroko kila punje inaonekana, ila chakula ni kimoja. Neno hili limekwisha kufuzu mara kadhaa. Tunalo katika kilimo mseto, katika serikali ya mseto, na Watanzania walilizoea kuanzia mwishoni mwa 2006 ilipoletwa dawa mseto ya malaria. Maada mseto, basi. Nilikuwa na mgombea wangu mwingine, "mkandiko", kutokana na ukuta wa fito na udongo, na nilimpigia kampeni kwa nguvu. Nilishindwa, na kwa haki, kwa sababu mgombea wangu hakujulikana mjini.

Kuhusu chembe zenyewe nitasema machache. Nimependekeza "chembe nano", si "nanochembe", kwa kuwa Kiswahili hutanguliza kinachoelezwa na kufuatisha kinachoeleza. Nanomita ni kipimo na limekuja zima, kama kilomita; hilo nimeliacha.

Kinachovutia zaidi ni shida ya mapishi. Nuru tunayoiona ina mawimbi ya nanomita 400 hadi 700 hivi. Chembe ya nanomita 10 ni ndogo mno hata nuru hupita karibu kama haikuiona. Lakini mtawanyiko wa nuru hukua kwa kipeo cha sita cha kipenyo, yaani kipenyo kikiwa mara mbili, chembe moja hutawanya nuru mara 64. Na chembe za sumaku hupenda kushikana. Zikishikana, plastiki iliyokuwa angavu huwa kama kioo kilichofunikwa na ukungu, na kazi imeharibika. Binti yule alikuwa ameandika "mkusanyiko wa chembe". Fundi wa maabara aliyekuwa akimsaidia, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga darasa la isimu, alichungulia bakuli siku moja akasema, "Imefanya madonge." Hapana haja ya kikao. Kila aliyekoroga uji anajua madonge ni nini, yanatokeaje, na kwamba kinga ni kuloweka unga kwa maji baridi kwanza. Kinga ya chembe nano inafanana na hiyo: kila chembe huvikwa, kabla ya kuingia katika plastiki, kwa asidi ya oleiki, ileile iliyo nyingi katika mafuta ya zeituni, au kwa polima yenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walichapisha kazi juu ya magnetaiti iliyovikwa namna hiyo, ikabaki angavu na ikainamisha nuru vizuri. Hata hivyo magnetaiti ni nyeusi, na hula nuru. Ukiiongeza, mwinamo unaongezeka na nuru inapungua. Kwa hiyo kinachoshindaniwa ni mwinamo mkubwa kwa nuru kidogo iliyoliwa.

Na chombo kinachotengenezwa kitaitwaje? Katika orodha yetu tuliandika "kihisishi". Wanafunzi wa sarufi wameanza kucheka. Kihisishi, kwetu, ni neno kama lo! na ala! na ebo! Sijui fundi angefanya nini na kifaa cha kupachika kwenye waya wa umeme kinachosema ebo! "Kihisi" kinatosha, na ndicho kilichoenea.

Kihisi cha mkondo wa umeme ni kazi ambayo sumaku na nuru zimekwisha kuizoea. Ndoto kubwa zaidi ni moyo wa mtu. Moyo ukipiga hutoa uga wa sumaku ambao nje ya kifua haufiki hata sehemu moja ya milioni kumi ya millitesla, ilhali uga wa dunia unaotuzunguka ni mkubwa kuliko huo karibu mara milioni. Uga wa moyo ulipimwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, na vihisi vilivyokuja kutumika sana baadaye huhitaji kupozwa kwa heliamu ya majimaji, karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Uzi wa maada mseto unaofanya kazi katika joto la chumba, bila heliamu, ni mojawapo ya njia zinazotafutwa. Hospitali ya wilaya haiwezi kuwa na heliamu ya majimaji. Taa na uzi inaweza kuwa navyo.

Hapo ndipo ulipo udogo wa chembe, na neno ambalo sijalipata. Kipande kikubwa cha chuma, ukikiondolea uga wa sumaku, hubaki na sumaku fulani ndani yake. Kimekumbuka. Kwa kihisi hilo ni balaa, kwa sababu kinapaswa kuusema mpigo huu, si mpigo uliopita. Chembe ya magnetaiti ikiwa chini ya nanomita 20 hivi, joto la kawaida linatosha kuitikisa hadi ikasahau. Uga ukija inafuata. Uga ukiondoka haina habari. Tabia ya chuma kikubwa, ile ya kubaki na athari ya uga uliokwisha kuondoka, inahitaji jina la Kiswahili. Tuliwahi kuipa kirai cha maneno manne ambacho hakuna aliyekitumia, mimi nikiwamo. Binti yule, ambaye sasa ni mhadhiri, aliniandikia akipendekeza "kinyongo": chuma kina kinyongo, chembe nano haina. Nililipeleka neno hilo kikaoni. Wenzangu walicheka sana, wakasema si la kitaaluma, na ajenda ikaahirishwa. Safari hii mwanafizikia alikuwapo, na ndiye pekee ambaye hakucheka. Alikuwa akiliandika kwenye daftari lake. Mwenye neno bora zaidi aniletee. Kikao kinarudi mwezi ujao.